Nguo Nane za Mama

Tangu kivuko kiache bara, mama alikuwa anajikuna shingo. Anapeleka kidole nyuma, chini ya ukosi wa gauni lake la buluu, anakuna, anasahau, kisha anakuna tena.

"Kuna kitu kinanichoma hapa," akasema.

"Joto hilo, Mama," binti yake akamjibu.

Joto! Kwenye kivuko chenye upepo wa kung'oa watu kofia! Lakini mtu akiwa na lake moyoni, hata uongo wake hauchagui vizuri.

Binti mwenyewe nyumbani walimwita Kitinda, maana ndiye kitindamimba, na jina likamganda mpaka leo ana miaka thelathini na mitano na mtoto wa miaka minane. Anafanya kazi kiwanda cha nguo, upande wa mifuko. Mwaka wa kumi na moja huu anabandika mifuko kwenye mashati ya watu asiowajua. Sindano alifundishwa na mama yake, na mama yake, tusidanganyane, hakuwa fundi wa kubahatisha. Miaka thelathini alishona sare za shule ya bweni. Kila nguo ya mtoto wa bweni ilitiwa namba yake kwa uzi mwekundu ndani ya ukosi, isije ikapotea kwenye kufua. Wazazi wengine walijitia kushona namba wenyewe kisha wakamletea akague, na hapo ndipo walipomjua. Fundo la uzi lifichwe katikati ya vitambaa viwili, lisiguse ngozi. Akiligusa fundo kwa kidole chake, anaitupa nguo mezani.

"Mtoto unampeleka mbali na wewe," alikuwa akiwaambia, "halafu bado unamwachia kitu cha kumchoma shingo? Una roho gani wewe?"

Fundi huyo sasa alikuwa anasahau. Alianza na miwani, watu wakacheka, nani asiyesahau miwani. Akasahau pasi ya moto juu ya kitambaa, majirani wakavunja dirisha. Siku moja akabeba bunda la vitambaa jua la utosi, anapeleka sare shuleni, na shule yenyewe ilishafungwa zamani. Alipatikana jioni, kilomita saba kutoka nyumbani, miguu mitupu. Ikabidi Kitinda akienda zamu amfungie kwa ufunguo. Siku aliyorudi akakuta mikono ya mama yake imevimba kwa kupiga mlango, alikaa pale pale kizingitini akalia kama aliyefiwa.

Ndipo kaka mtu akasema basi. Kaka huyu ni mwalimu wa udereva, mtu mzima na tumbo lake, na miaka ishirini ya kukaa pembeni ya watu wasiojua gari imemwachia maradhi: akishtuka tu, mguu wake wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo. Mkewe alishasema bila kuficha kwamba mama mkwe anampenda, ila kukaa naye hawezi. Safari hii pia hakuja, eti bahari inamchefua. Haya.

Kisiwani kulikuwa na nyumba ya kutunzia wazee. Kaka alikwenda kuiona, akarudi na karatasi ya masharti. Sharti la nne: kila nguo ya mzee ishonwe namba yake ndani ya ukosi. Mama yao alipewa thelathini na moja.

Kitinda aligoma, akalia, akasusa kula. Mwisho wakakubaliana hivi. Watakwenda kisiwani siku tatu kama watu waendao kupumzika, kwa sababu mama maisha yake yote alitamani kukanyaga kisiwa na hakuwahi. Ijumaa na Jumamosi Kaka atamwangalia kwa macho yake mwenyewe. Siku hizo mbili zikipita salama, Jumapili wanarudi naye nyumbani na habari ya nyumba ya wazee inakufa hapo. Likitokea la kutokea, Jumapili mama anabaki.

"Ila namba uzishone," Kaka akasema, "tusije tukaumbuka dakika ya mwisho. Na usimfichie makosa yake, Kitinda. Nakujua."

"Nimfichie nini mimi?"

Akajifungia chumbani na nguo nane za mama yake: magauni matano, sweta mbili, na gauni la kulalia. Akazishona zote kwa mkupuo mmoja, haoni vizuri mbele yake kwa machozi. Alipomaliza hakukagua hata moja. Alizisukumia kwenye begi kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Basi hao wakafika. Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba viwili vilivyopakana, sakafu nyekundu iliyopigwa deki mpaka ikachubuka, na dirisha linalotazama tangi la maji. Kaka hakungoja hata mabegi yafunguliwe.

"Mama, leo siku gani?"

"Ijumaa," mama akasema pale pale. Kitinda alikuwa amemwambia mara sita ndani ya kivuko. "Na wewe ulizaliwa Ijumaa, saa watu wanataka kupumzika. Hukuwa na adabu tangu siku hiyo."

Kaka akacheka mpaka akakohoa. Kitinda akageukia ukutani, akafuta macho kwa kiganja. Furaha nayo inaumiza, asikwambie mtu.

Mchana walipanda mnara wa taa wa zamani, ngazi tisini na sita. Mtoto wa Kitinda, ambaye familia nzima ilimwita Bi Swali kwa sababu unazozijua, alizihesabu kwa sauti huku akimvuta bibi yake mkono.

"Bibi, taa ikizimika meli zinafanyaje?"

"Zinasumbua watu kwa maswali kama wewe."

"Bibi, na samaki wanalala?"

"Wakipata nafasi. Wewe ungekuwa samaki, bahari nzima ingekesha."

Juu kabisa mama alishika chuma kwa mikono miwili, akazunguka polepole, akaangalia pande zote nne. Chini kulikuwa na mapaa ya mabati, uwanja wa mpira, barabara moja nyeupe, halafu maji.

"Kumbe kweli kimezungukwa," akasema.

"Ulidhanije, Mama?" Kaka akauliza.

"Nilidhani ni maneno ya ramani tu." Akakuna shingo. "Sasa mtu akitaka kutoka hapa, anatokea wapi?"

"Tutatoka kwa kivuko, Mama," Kitinda akadakia haraka. "Wote. Jumapili."

Mguu wa kulia wa Kaka ulikanyaga sakafu ya mnara mara moja, ukatulia.

Siku ile ilikwenda vizuri hata Kitinda akaanza kupanga mambo kichwani. Ataomba zamu ya usiku, mchana akae na mama. Atamlipa binti wa jirani awe anamchungulia. Atabadilisha kitasa. Mtu akitaka kuamini jambo hakosi vitasa vya kubadilisha. Wakati wa chakula cha jioni, samaki wamekwisha kuletwa, Kaka ameinama anamtolea Bi Swali miiba, mama akamsogelea Kitinda sikioni.

"Huyu mwanamume wa tumbo anayeniuliza maswali kutwa," akanong'ona, "ni askari?"

Kitinda akashusha sauti.

"Ni Kaka, Mama. Mwanao wa kwanza."

"Ahaa." Mama akamtazama tena yule mwanamume, kwa huruma. "Mbona kazeeka hivyo?"

"Mnateta nini huko?" Kaka akauliza bila kuinua kichwa.

"Anasema samaki ana chumvi," Kitinda akasema.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kila mtu anaijua methali hiyo, na kila mtu anaficha maradhi. Kitinda alimeza tonge lake, akamwongezea mama maji, akajiambia imebaki siku moja. Siku moja tu, jamani, ni nini?

Jumamosi mama alivaa gauni la kahawia. Nalo lilimchoma shingo, na Bi Swali akauliza kwa nini Bibi anajikuna kila siku, akajibiwa ale mkate wake.

Sifa kubwa ya kisiwa kile ilikuwa mchanga wa upande wa pili. Maji yakipwa, bahari inajivuta na kuacha njia nyeupe inayokwenda mpaka kwenye jiwe kubwa lililosimama peke yake, na watu hutembea kwa miguu mpaka huko kuokota makombe. Maji yakijaa, njia inafunikwa na jiwe linabaki katikati ya bahari. Ufukweni kulikuwa na kibanda cha chai, na mwenye kibanda aliwaambia wageni wote maneno yale yale: saa nane mtu asiwe huko.

Walikwenda wote saa tano, wakarudi wote, miguu imejaa mchanga. Mama alikuwa amechangamka kuliko siku zote. Saa saba kasoro Bi Swali akalilia kurudi, ameacha kombe moja la waridi juu ya jiwe, hawezi kuishi bila hilo.

"Nitampeleka mimi," mama akasema, akainuka.

Kaka akaweka kikombe chini. "Hapana. Nitakwenda naye mimi."

Na hapa ndipo. Ukitaka kujua kosa lilikuwa wapi, lilikuwa hapa, na lilikuwa la Kitinda peke yake. Aliona Kaka amesita, akaona huo ndio ushahidi anaoutafuta. Mama aende na mjukuu, arudi na mjukuu, mambo yaishe, nani atasema tena?

"Mwache, Kaka," akasema. "Unamwona mwenyewe toka jana. Ni hapo tu, tunawaona. Mwache aende na mjukuu wake."

"Kitinda."

"Si ulisema utamwangalia? Basi mwangalie. Usimkalie kama mtuhumiwa."

Kaka akamtazama dada yake muda mrefu. Halafu, Mungu wangu, akachukua kikombe chake.

Wakawaona wakienda, mmoja wa kahawia, mmoja wa njano, mikono imeshikana. Kitinda akaanza kumweleza Kaka habari ya zamu ya usiku na kitasa. Alieleza vizuri. Kaka alikuwa anasikiliza kwa kweli, anauliza maswali ya mtu anayetaka kukubali: binti wa jirani ana umri gani, jiko je, litafungwa wapi. Wakazama kwenye mazungumzo. Chai ikaongezwa. Kitinda alipoona kaka yake anatikisa kichwa kwamba sawa, inawezekana, moyo ulimruka kama wa msichana.

"Makombe haya," sauti ikasema nyuma yao, "nani anataka?"

Mama alikuwa amesimama hapo, gauni amelikusanya mbele limejaa makombe, miguu imelowa mpaka magotini. Anatabasamu.

Kitinda akaangalia nyuma ya mama yake. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto yupi?"

Benchi lilianguka. Kaka alikuwa ameshafika kwenye mchanga, viatu na vyote, na mwenye kibanda alikuwa anapiga yowe kuita watu wa mitumbwi, na watu wa mitumbwi siku ile walikuwa wamelala majumbani mwao. Njia nyeupe haikuwepo. Palikuwa na maji tu, yametulia, na mbali kwenye jiwe kitu cha njano.

Kitinda hajui kuogelea. Aliingia maji yakamfika kifuani, wimbi likamrudisha, akaingia tena, likamrudisha. Mwenye kibanda akamvuta kwa nguo. Ikabidi asimame pale ufukweni amemkamata mama yake kifundo cha mkono, asije na yeye akaondoka, na huku anamtazama kaka yake mnene, asiyekimbia hata kuwahi basi, akipiga maji kuelekea kwenye jiwe. Kichwa kinaonekana, kinapotea, kinaonekana.

Mama alikuwa anapanga makombe mchangani kwa mkono uliobaki, makubwa upande huu, madogo upande huu.

"Yule bwana ataloa," akasema.

Walirudi. Nisikuweke roho juu bure, walirudi wote wawili, Bi Swali juu ya mabega ya mjomba wake, amemshika masikio. Kaka alipokanyaga nchi kavu alimweka mtoto chini, naye akakaa chini. Mguu wake wa kulia tu ulikuwa unasukuma mchanga, unasukuma, unasukuma, mpaka ukachimba shimo.

Bi Swali hakulia. Alikuwa na jambo la kuuliza.

"Bibi aliniambia kaa hapa usiondoke mpaka nije. Nikakaa. Maji yakaja, nikapanda juu. Yakaja tena, nikapanda juu kabisa." Akamgeukia bibi yake. "Mbona hukuja?"

Mama akampapasa nywele zilizolowa.

"Mtoto mzuri huyu," akasema. "Mama yake ni nani, anamwacha peke yake baharini? Watu wengine hawana haya."

Kaka hakusema nilikwambia. Afadhali angesema! Afadhali angempiga hata kofi mbele za watu. Alikaa kwenye benchi amejifunika taulo ya mwenye kibanda, anatetemeka, na Kitinda ndiye aliyeanza.

"Jana alidhani wewe ni askari," akasema. "Wakati wa kula. Nikakuficha."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa natoa miiba, sikuwa kiziwi." Kaka akafuta uso. "Nami nilitaka turudi naye, Kitinda. Ulifikiri unataka peke yako?"

Kitinda alimtazama mtoto wake, amekaa karibu na bibi yake, wanapanga makombe kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliona wazi kabisa jinsi jiwe lile lingekuwa tupu. Hakuwa na kitasa cha jambo hilo.

"Kesho," akasema. Hiyo tu. Kaka akaitikia kwa kichwa, na hawakulizungumza tena.

Jumapili asubuhi mama aliamka mapema, akavaa gauni lake la buluu, akafunga vifungo vyote sawasawa. Kitinda alikuwa amekesha akitafuta maneno ya kumwambia. Alikuwa nayo ya aina tatu na yote hayafai. Alitoka kwenda kumnawisha mtoto bombani. Aliporudi chumbani mama alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, begi limefunguliwa, nguo zimetoka nje. Alikuwa ameishika sweta ya kijivu, ameigeuza ukosi nje, anapitisha kidole.

"Thelathini na moja," akasema. "Mtoto wa nani huyu?"

Kitinda akasimama mlangoni kama mti.

"Fundo liko upande wa ngozi," mama akaendelea, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mezani, ya wembe na chaki. "Tazama, halikufichwa! Linamtoboa mtoto shingo. Lete hiyo nyingine." Akachukua gauni la kahawia. "Na hili pia. Na hili. Mungu wangu, yote. Nani kashona hivi?"

"Mama yake," Kitinda akasema.

Mama akaisogeza nguo kwenye mwanga, akaifuata mishono mmoja mmoja.

"Si kwamba hajui," akasema taratibu. "Mkono umefundishwa huu. Ila alikuwa analia. Mshono wa mtu anayelia unapanda na kushuka, hivi, na hivi, unaona? Nimewaona wengi. Maskini." Akanyoosha mkono. "Wembe. Na uzi mwekundu. Saa ngapi wanaondoka?"

"Saa nne, Mama."

"Tutawahi. Wewe, mtoto wa maswali, njoo unitungie uzi, macho yako mapya."

Basi akakaa mwanamke yule asiyejua leo siku gani, asiyekumbuka kwamba jana aliacha mjukuu baharini, akafumua namba zake mwenyewe na kuzishona upya. Mkono haukusahau hata mshono mmoja. Bi Swali alitunga uzi, akauliza kwa nini mwekundu, akaambiwa ili namba ionekane upesi kwenye kufua. Kitinda alikaa sakafuni anakunja nguo zilizokwisha. Alitaka kusema, Mama, ni mimi. Alitaka kusema, Mama, mtoto mwenyewe ni wewe. Akachukua sweta ya pili, akaikunja.

"Utamwona huyo mama?" mama akauliza, uzi mdomoni.

"Nitamwona."

"Basi mwambie nilivyokuwa nawaambia wenzake. Akishamwacha mtoto getini, aende zake, asigeuke nyuma. Mtoto hulia akiona mama amegeuka. Asipogeuka, mtoto anajua mambo ni ya kawaida, anaingia ndani anacheza. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Watu wanageuka kwa ajili ya roho zao wenyewe, si kwa ajili ya mtoto." Akakata uzi kwa meno. "Nyingine?"

Kitinda akapapasa begi, likawa tupu. Akatazama nguo zilizokunjwa mapajani mwake.

"Zimekwisha, Mama. Zote."

"Haya. Sasa anaweza kwenda."

Nyumba ya wazee ilikuwa safi, hata lawama haikupata pa kushika. Kuta za chokaa, kitanda karibu na dirisha, baraza ndefu yenye mabenchi. Msimamizi, mwanamke wa makamo mwenye kalamu sikioni, alilipokea begi kwa adabu, akazikagua kosi moja baada ya nyingine.

"Saba za begi, na hiyo ya mwilini," akasema, akaandika. "Fundi gani kashona? Wengi wanatuletea mafundo yanawachuna wazee shingo, na wazee wenyewe hawasemi."

Kaka alikuwa anatia saini. Kitinda alikuwa amemkalisha mama kwenye benchi la barazani, amempigia magoti, anamrekebisha viatu ambavyo havikuwa na kasoro.

"Mama."

"Abee, mwanangu." Mama akamwinamia kwa wema, kama anavyomwinamia mteja. "Mmenitembeza vizuri sana. Mna roho nzuri nyinyi. Sasa naomba jambo moja tu. Ukimwona binti yangu, Kitinda, mwambie niko hapa. Anafanya kazi kiwandani, anarudi amechoka. Mwambie asihangaike kunitafuta."

Kitinda akasema atamwambia. Hakuna binadamu anayejua aliitoa wapi hiyo sauti. Akainuka, akamshika mtoto wake mkono, akapita getini nyuma ya Kaka. Geti likafungwa kwa mnyororo. Siku za kutembelea wazee ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Jumapili ya kwanza ilikuwa imeshapita.

Barabara ya kwenda kivukoni ilikuwa moja, imenyooka, jua limeipiga. Kitinda alitembea macho mbele. Kila kiungo chake kilitaka kugeuka na yeye alikikatalia. Angalau hili moja alifanye sawasawa. Bi Swali alikuwa anatembea kinyumenyume, amevutwa mkono, anaangalia walikotoka.

"Mama, mbona hugeuki?"

"Bibi kasema tusigeuke."

"Hakuniambia mimi." Mtoto akajikwaa, akaendelea. "Bado amekaa."

"Analia?"

"Halii."

Kitinda akavuta pumzi. Kumbe ni kweli, akawaza. Kumbe mama alijua. Kwa hatua kama kumi hivi, kwa mara ya kwanza tangu jana, kifua kilimwachia kidogo.

"Anafanya nini sasa?" akauliza.

"Anajikuna shingo."

Kitinda akasimama katikati ya barabara. Mbele yake Kaka naye akasimama, mguu wa kulia umekanyaga chini. Honi ya kivuko ilikuwa inaita.

Nguo zilikuwa nane. Kwenye begi zilikuwa saba.